Kompyuta ya Kwaya Iko Kwangu

Jumamosi, 7 Juni

Nimeshinda! Kwaya nzima imekaa kikao leo baada ya mazoezi, ikaamua kwamba mimi, Nicanor Owino, mpiga kinanda, ndiye nitakayechagua kompyuta ya kurekodi nyimbo zetu. Kyengo wa gitaa alidhani ni yeye. Alikuja na karatasi, ameandika kila kitu: aina, ukubwa, hadi kelele ya feni. Mimi sikuwa na karatasi. Nilisimama tu, nikasema RAM mara tatu, nikasema prosesa mara mbili, nikamaliza kwa maombi. Kura kumi na moja kwa sita.

Haraka yote hii ni ya Mama Nafuna, mwenyekiti wetu. Ameongoza sauti ya kwanza miaka ishirini na sita, na Jumamosi ijayo anahama kabisa, anarudi kwao Kimilili. Siku hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni, ndio mwisho wa kutuma wimbo kwa tamasha la kwaya. Kwa hivyo wimbo lazima urekodiwe wiki hii, Mama akiwa bado yuko. Na kuna jambo lingine. Mama Nafuna hajawahi kusikia sauti yake mwenyewe. Simu yake ni kabambe, ya kupiga na kupokea tu. Alisema mbele ya wote kwamba anataka kujisikia hata mara moja kabla hajaondoka Ruiru. Nikamwambia, Mama, hiyo ihesabu kama imefanyika.

Kompyuta itakaa nyumbani kwa aliyeichagua. Hilo nililipitisha kwenye ajenda ya mengineyo, watu wakitafuta mikoba yao. Kwaya itarekodi Alhamisi. Siku zingine zote ni zangu, na nina biti, midundo ya nyimbo, kama ishirini kichwani zinangoja tu mashine.

Kyengo alinipa karatasi yake hata hivyo. Tunaishi ploti moja hapa Kimbo, mlango wake unatazama wangu. Niliipokea kwa mikono miwili. Sasa hivi mke wangu Dorine amefungia mandazi nayo.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada, moja kwa moja Thika. Duka la kwanza, kijana mpole sana. Akanionyesha kasha dogo la kijivu lililotoka ofisi fulani. RAM tele, diski ya kasi. Akaliwasha. Nikaweka sikio, sikusikia kitu. Akasema kwa muziki hiyo ndiyo yenyewe, maiki haitashika kelele ya feni.

Shida ni moja. Ilikuwa ile ile ya karatasi ya Kyengo, neno kwa neno. Siwezi kununua kompyuta ya Kyengo! Halafu mgeni akiingia kwangu ataona nini? Kitu cha ofisi ya chifu!

Nikavuka barabara, nikakutana na Kitheka. Anafunga saiba yake, duka la intaneti ya kulipia, anauza kila kitu. Ana kompyuta moja, wah! Kasha jeusi, ubavu wa kioo, ndani taa nyekundu na buluu zinazunguka, feni tatu, skrini pana. Kando ina stika: NAMBA 4. Nikamuuliza RAM. Akasema iko. Nikamuuliza ngapi. Akasema inatosha. Napenda mtu wa maneno machache.

Lakini kusema ukweli wangu hapa ambapo hakuna anayesoma, nilikuwa bado sijaamua mpaka nilipokaa kwenye kiti. Kinazunguka! Kitheka akasema kiti kinakuja pamoja na Namba Nne. Yule wa kijivu alikuwa anaongeza mausi peke yake. Nimewaona maprodusa. Mtu anaimba vibaya, produsa anazunguka polepole, anasema rudia. Huwezi kusema rudia ukiwa kwenye stuli ya jikoni.

Kitheka akaniwekea programu ya muziki bure. Alipofika mahali fulani akageuza mgongo, akabonyeza bonyeza, akasema ni siri za kazi. Tukapakia kila kitu kwenye gari la Probox, kiti kikafungwa juu.

Kyengo alikuwa mlangoni kwake tukishusha. Aliangalia taa, akaangalia stika. Akaniuliza kwa upole kama aliyeniuzia alitoa mambo yote ya saiba humo ndani. Nikamwambia wivu si mzuri, jirani.

Jumanne, 10 Juni

Zamu ya asubuhi kiwandani, saa tisa niko nyumbani, saa tisa na dakika mbili niko kwenye kiti. Nimetengeneza biti. Yawa! Gitaa la benga juu, ngoma nzito chini, katikati filimbi ambayo hata mimi sijui imetoka wapi. Nimeiita Ruiru Inawaka.

Feni za Namba Nne zina sauti kidogo. Dorine alitoka nje mbio kuanua nguo, akidhani mvua imekuja.

Nimehifadhi biti, nikaweka picha yangu ile ya harusi ya rafiki yangu Ouma iwe ndiyo inaonekana kwenye skrini. Nikazima kwa utaratibu, maana Dorine ameshasema tokeni za stima hazioti shambani.

Jumatano, 11 Juni

Biti imeibwa! Nimewasha, haiko. Picha yangu pia haiko, kuna vilima vya kijani tu na mawingu. Nimetafuta kila mahali. Nimetafuta hadi chini ya meza, sijui kwa nini.

Nilimuuliza Dorine. Alisema hajagusa, na kama angekuwa wa kufuta vitu katika nyumba hii angeanza na hicho kiti kinachomziba njia ya kwenda jikoni.

Basi ni nani? Wiki hii Kyengo yuko zamu ya jioni. Asubuhi yuko kwenye ploti. Dorine akianika nguo mlango uko wazi. Mtu wa gitaa, mtu wa wivu, mtu anayejua kompyuta. Sihitaji kwenda shule ya polisi.

Nimetengeneza nyingine, Ruiru Inawaka Sana. Nimehifadhi, nimezima. Halafu nimemwaga unga wa ugali chini kuzunguka meza yote, safu nyembamba, laini. Akiingia na miguu yake tutaona.

Alhamisi, 12 Juni

Biti haiko tena. Na unga ulikuwa na nyayo! Kiatu kikubwa, mistari mitatu, kisigino kimeisha upande wa kushoto. Nilizifuata mpaka mlangoni, nikazifuata kurudi mezani, nikatoa kiatu changu nilinganishe ukubwa. Ni changu. Nilikuwa nimeingia kuangalia kama kuna nyayo.

Dorine aliuangalia unga. Alinipa ufagio tu.

Lakini mimi sikurudi nyuma. Kwaya ilipofika saa kumi kurekodi nilisimama nikawaambia wote kuna mtu hapa anaingia nyumbani kwangu kuhujumu kazi ya Bwana. Sikutaja jina. Nilimtazama Kyengo tu, muda mrefu. Mkewe Mukonyo akatazama chini. Kyengo hakukasirika hata kidogo, jambo ambalo mwizi peke yake anaweza. Alisema niangalie pembeni ya skrini, kuna kipicha kidogo cha barafu, nimuulize Kitheka ni cha nini. Nikamwambia asibadilishe mada.

Tukarekodi. Watu kumi na saba katika chumba changu kimoja, besi wamesimama nje kwa mlango. Feni zilinguruma, nikafunika kasha kwa blanketi. Likaanza kunuka moto, nikafunua.

Halafu Mama Nafuna akaimba ubeti wa pili peke yake. Sitanii sasa. Nywele zilinisimama. Yule mama ni mfupi, amechoka, miguu imevimba, amekaa miaka yote hiyo akichuma chai kwa mashamba ya watu na baadaye kufua nguo katika hosteli za Kahawa Wendani, na sauti inatoka hapo haina hata mkwaruzo mmoja. Besi wa nje walisahau kuingia mahali pao. Sikusema rudia. Nilisahau hata kuzunguka.

Alipomaliza aliomba asikie. Nikakataa. Nilimwambia, Mama, wimbo hauliwi mbichi, wacha niupike, uje Jumamosi asubuhi kabla hujaondoka. Ukweli ni kwamba nilitaka siku hiyo watu wawe wengi, niwe nimevaa shati ile nyeupe. Alisema sawa, baba, hata kama alikuwa ameshasogeza stuli karibu na spika.

Sasa nimefikiria. Mwizi anakuja kompyuta ikiwa imezimwa. Ina maana anaogopa sauti ya feni! Kwa hivyo leo siizimi. Nimeifunika kwa leso ya Dorine. Dorine ameangalia mita ya stima, ameniangalia mimi, ameenda kwa jirani.

Ijumaa, 13 Juni

Woi. Woi. Woi.

Asubuhi nilichungulia chini ya leso: wimbo uko. Nikaenda kazini nikipiga mluzi. Nilipotoka nikapitia kwa Kitheka, nimuulize kama anauza kufuli ya kompyuta. Nikamweleza habari ya mwizi. Kitheka alicheka mpaka akashika ukuta.

Hakuna mwizi. Kompyuta za saiba zinawekwa hivyo. Mteja anakuja, anavuruga, anaacha picha za ajabu, anaondoka. Mwenyewe akizima na kuwasha, mashine inasahau kila kitu na kurudi vile ilivyokuwa siku ya kwanza. Hicho ndicho kipicha cha barafu. Kitheka alisema alifikiri najua, kwa vile nilivyokuwa nasema RAM.

Nikampigia Dorine palepale, nikamwambia asiguse kompyuta, asiguse swichi, asipige pasi, ikiwezekana asitembee.

Nikamuuliza Kitheka tunaondoaje. Akasema anaweka neno la siri, halafu lazima mashine izimwe na kuwashwa. Lakini ikizimwa, wimbo unaenda! Nikasema basi nautoa na flashi. Akasema matundu ya flashi aliyafunga pia, wateja walikuwa wanaleta virusi. Njia imebaki moja: kuutuma kwa mtandao, mashine ikiwa inawaka. Inataka tu waya wa intaneti.

Ploti yetu ina intaneti nyumba moja. Ya Kyengo.

Dorine alisema jambo ni rahisi, niende nimwombe Kyengo msamaha, anipe waya, dakika kumi. Rahisi! Nimemwita mwizi mbele ya sauti zote nne! Dorine hajui mambo ya wanaume.

Nikangoja Kyengo aende zamu yake. Nikabisha, Mukonyo akafungua. Nikamwambia landilodi ameniomba nipime nyaya za ploti nzima, hata ya intaneti. Alinitazama sana. Halafu akasema sawa, jirani, pima.

Nikavuta waya kutoka dirishani kwake, juu ya kamba ya nguo, mpaka dirishani kwangu. Ulifika kwa shida, umenyooka. Nikachomeka. Ikakubali! Wimbo ukaanza kwenda. Asilimia kumi. Arobaini. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, mikono kichwani, ninaomba. Sabini. Tisini na moja.

Nikasikia Kyengo akisalimia watu langoni. Alikuwa amesahau kitambulisho cha kazi.

Ningekaa tu! Nani angejua? Lakini niliruka, nikachomoe waya kabla hajauona. Kiti kikazunguka. Waya ukajisokota kwa mguu wa kiti, waya wa ekstenshen, ule wa stima, ukafuata, nami nikafuata. Nilipoinua kichwa chumba kilikuwa kimya kabisa. Feni zote tatu. Kimya.

Nikawasha. Vilima vya kijani na mawingu.

Jumamosi, 14 Juni

Nilikuwa na mpango. Nitamwambia Mama Nafuna kwamba wimbo ulishaenda kwa tamasha, na sheria zao hazikubali mtu kuusikia kabla ya majaji. Nilivaa shati nyeupe.

Alifika saa tatu. Mizigo yake ilikuwa imeshapakiwa, gari linamngoja nje. Amevaa sare ya kwaya, ile ya zambarau, na hakuna ibada leo. Kwaya yote nyuma yake. Nikamkalisha kwenye kiti cha produsa. Akasema haya, baba, pakua.

Nikamwambia ile ya majaji. Niliisema vizuri hata nikaanza kuiamini. Akatikisa kichwa, akasema si neno, amekaa bila kujisikia miaka hiyo yote, anaweza kukaa mingine. Akachukua mkoba wake. Akaanza kuinuka, na kwa miguu ile kuinuka ni kazi.

Roho iliniuma. Iliniuma hasa. Na mdomo wangu ukafunguka wenyewe bila ruhusa yangu. Nikasema yote. Barafu, unga, waya, landilodi, asilimia tisini na moja. Nikasema Kyengo hajaiba kitu. Dorine alikuwa mlangoni akitingisha kichwa polepole, na sijui kama ilikuwa aibu au alikuwa anapumzika.

Mama Nafuna hakunigombeza. Aliuliza tu saa ngapi. Akaambiwa saa tatu na nusu. Akavuka uwanja, akabisha mwenyewe kwa Kyengo.

Kyengo alitoa laptopu yake, kitu kidogo cheusi, hakina hata taa moja. Akaegemeza godoro kwa dirisha kuzuia kelele za nje. Gari likapiga honi, Mama akatoa kichwa akaliambia lingoje. Kwaya ikajipanga. Mimi nikapewa kinanda changu kama siku zote. Akaimba ubeti wa pili, na safari hii alijua anaondoka, nasi tulijua. Mukonyo alilia akiwa bado anaimba. Mimi nilikuwa na vumbi machoni.

Kyengo akamvisha hedfoni. Mama akakaa, mikono magotini. Halafu akacheka. Akauliza kumbe huyu ndiye mimi? Akasema irudishwe. Ikarudishwa mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anaimba pamoja na yeye mwenyewe, kwa sauti ya chini, macho amefunga. Tukamsindikiza mpaka garini.

Wimbo ulitumwa saa saba mchana. Ni mzuri. Nitaandika hapa tu kwamba ule wangu wa Alhamisi ulikuwa mzuri zaidi, na hakuna awezaye kuthibitisha vinginevyo.

Nilimwambia Kyengo pole. Akasema yameisha, jirani. Akaanza tena kunieleza habari ya kile kipicha cha barafu, eti nirudi kwa Kitheka aweke lile neno lake la siri. Nilisikiliza kwa sikio moja, kwa sababu nilikuwa naona ameweka maiki upande usiofaa.

Jumatano, 18 Juni

Kamati imekaa. Kurekodi kumeenda kwa Kyengo. Sawa, sina neno. Lakini Namba Nne imebaki kwangu, na hilo limepita kwa kauli moja! Hakuna hata mmoja aliyeitaka. Kuna watu hawajui thamani ya kitu.

Kurudi kwa Kitheka sikutaka, nikachekwe tena. Nimejitengenezea mwenyewe. Nilibonyeza kile kipicha cha barafu, yakaja maneno, nikachagua FICHA KIPICHA, hata neno la siri halikuulizwa. Kikatoka! Pembeni ya skrini sasa ni peupe. Sekunde tano, kidole kimoja, na Kyengo anataka nisafiri mpaka Thika.

Leo nimeomba ruhusa kazini, nimesema tumbo. Tangu saa moja asubuhi niko kwenye kiti. Nimemtungia Mama Nafuna wimbo wa kumshukuru. Nimeupiga mwenyewe, nimeimba sauti zote nne mwenyewe, hata Dorine aliacha vyombo akaja akasimama mlangoni, akaniuliza kama kweli ni mimi. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna hii maishani. Sijui kama nitaweza tena.

Nimempigia Mama huko Kimilili. Nimemwambia saa kumi jioni asitoke mahali simu inashika, tutamchezea kitu. Alifurahi sana. Alisema atakusanya majirani.

Sikutaka mchezo. Nimehifadhi mara tatu, kwa majina matatu tofauti, kusiwe na kosa. Halafu nimeizima vizuri kwa utaratibu wake, ipoe kabla ya wageni. Sasa ni saa tisa na nusu. Nimepanga viti, nimeazima spika. Nakwenda kumwita Kyengo, akae hapa mbele kabisa.